Matairi na alaimenti ya Land Cruiser ya safari: mambo ya kukagua kabla ya msimu

Kila mwaka mvua za masika zinapokatika na kampuni za utalii zinapoanza kuyaandaa magari kwa ajili ya msimu wa Juni, madereva wa Arusha huulizana swali lilelile: safari hii tufunge matairi gani? Kwa maoni yangu swali hilo huishia nusu, kwa sababu tairi jipya, hata likiwa la bei kubwa, haliwezi kulinyoosha gari ambalo beringi na viungo vyake vya mbele vimelegea. Ninaandika hapa kuhusu Land Cruiser za familia ya 70 zenye ekseli nzima mbele, yaani ekseli moja inayoyaunganisha magurudumu yote mawili, zile ambazo mafundi wa mji huu huzirefusha na kuziwekea paa la kufunguka, kwa kuwa ndizo ninazozifahamu.

Nyingi kati ya gari hizi hutoka kiwandani zikiwa na tairi la 7.50R16 lenye tyubu, juu ya rimu ya vipande yenye upana wa inchi 5.5. Uzuri wake ni kwamba pancha huzibwa popote kwa mikono na vyuma vya kufungulia tairi, ingawa kazi hiyo huchosha. Anayetaka tairi lisilo na tyubu kwa kawaida huchagua kati ya 265/75R16 na 235/85R16 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi). Ukipiga hesabu ya namba hizo utaona kwamba la kwanza lina kimo cha takriban milimita 804 na la pili milimita 806, hivyo kimo cha gari na usomaji wa spidi havibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kinachobadilika ni upana, na milimita hizo 30 ndizo zinazowavutia wengi kuchukua 265, kwa sababu gari linaonekana limekaa vizuri likiwa limeegeshwa.

Mimi huchagua jembamba. Barabara ya ukingo wa Ngorongoro ikilowa, ule udongo mwekundu huwa utelezi juu huku chini yake pakiwa bado pagumu, na tairi jembamba hukata tabaka la juu likashika pale pagumu, ilhali pana huelea na kuteleza kuelekea mtaroni. Kwenye mawimbi ya changarawe, yale tunayoyaita rasta, kuanzia Malanja hadi lango la Naabi la Serengeti, tairi jembamba pia husumbua usukani kidogo zaidi. Hoja ya wanaopenda tairi pana ina nguvu kwenye mchanga na majivu ya njia ya Engaruka kuelekea Ziwa Natron, lakini hata huko kupunguza upepo hurefusha sehemu ya tairi inayogusa ardhi, na hilo husaidia kuliko wengi wanavyodhani, mradi ukumbuke kujaza upya kabla ya kurudi kwenye lami. Ama kuhusu udongo mweusi wa mbuga uliolowa, sijaona tairi linaloushinda.

Ukichagua 235/85R16, tafuta rimu ya upana wa inchi 6 au zaidi, kwa sababu ile ya asili ya inchi 5.5 ni finyu mno kwake. Hapo ndipo wengi huingia katika mtego wa rimu za kupendeza zinazoyasukuma magurudumu nje ya mwili wa gari. Kila gurudumu la mbele hugeuka juu ya mhimili wa kingpini, yaani kiungo kinachoshikilia gurudumu kwenye ekseli na kuliruhusu ligeuke, na kadiri kitovu cha tairi kinavyosogezwa mbali na mhimili huo, ndivyo kila jiwe linavyopata nguvu ya kuuvuta usukani, na ndivyo beringi zinavyobeba mzigo ambao hazikutengenezewa.

Soma pia ubavu wa tairi. Namba 120 ya uzito ina maana kwamba tairi moja linabeba kilo 1,400, na kwa gari lililorefushwa lenye wageni, mizigo, majokofu na matangi ya ziada, sipendi kushuka chini ya hapo. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni ni juma na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Matairi ya mtumba kutoka Japani yachunguzwe kwa uangalifu zaidi, maana baadhi yake ni ya majira ya baridi, yana mpira laini na mikato mingi myembamba kwenye kashata (sehemu ya tairi inayogusa barabara), na mara nyingi yameandikwa SNOW au STUDLESS. Theluji pekee tuliyo nayo iko juu ya Kibo, ambako gari halifiki. Kwenye lami ya moto ya Makuyuni mpira huo huisha haraka na gari huyumba kwenye kona.

Sasa tuje kwenye ekseli, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Kabla ya kugusa alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, inua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, kisha ulitikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa: mchezo ukitoweka, tatizo liko kwenye beringi za gurudumu, ukibaki, ni beringi za kingpini. Baada ya hapo lishushe gari, mtu azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, nawe ulale chini uangalie vichwa vya tairodi na bushi za mikono ya ekseli. Fundi mmoja mzee wa Unga Limited ana jibu moja kwa kila anayemwomba apime haraka haraka: “Mwanangu, nikikupimia na vichwa hivi, hela yako nimeila bure.”

Kwenye ekseli nzima, kinachorekebishwa kwa urahisi ni kiasi ambacho magurudumu yanakaribiana kwa mbele, na hilo linaweza kupimwa vizuri bila mashine. Liegeshe gari mahali tambarare, usukani ukiwa katikati na upepo ukiwa sawa pande zote. Inua kila gurudumu, lizungushe huku umeshikilia msumari katikati ya kashata ili upate mstari mmoja mwembamba, kisha lishushe na ulisukume gari mbele mita chache ili springi zikae. Weka alama kwenye mistari hiyo upande wa nyuma wa matairi, kwa kimo cha kitovu, na upime umbali kati yake. Sukuma tena mbele hadi alama zilezile zifike upande wa mbele kwa kimo kilekile, kisha upime mara ya pili. Kipimo cha mbele kinapaswa kuwa kidogo kuliko cha nyuma kwa milimita chache zinazotajwa na kitabu cha gari lako. Tairodi ikiwa nyuma ya ekseli, kuirefusha huyafanya magurudumu yakaribiane kwa mbele. Ikiwa mbele ya ekseli, mambo hugeuka.

Usukani ukibaki umepinda baada ya hapo, usiunyooshe kwa kuung'oa na kuurudisha. Rekebisha fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani, kwa kuwa boksi lina sehemu ya katikati ambapo mchezo ni mdogo kabisa, na gari likienda moja kwa moja boksi linapaswa kuwa hapo.

Jambo moja husahaulika kwa magari yenye springi za koili mbele, hasa yaliyotengenezwa tangu 1999. Ukiyainua kwa springi ndefu zaidi, ekseli huzunguka kidogo na ule mlalo wa kingpini unaoufanya usukani ujirudishe wenyewe hupungua. Gari huanza kutangatanga kwenye lami, mwenye gari hulaumu matairi, ilhali dawa ni bushi maalumu zinazorudisha mlalo huo.

Baada ya kazi yote, kaza upya nati za magurudumu ukishaendesha kilomita kadhaa, na baada ya safari ya kwanza ya Serengeti pitisha kiganja juu ya kashata za mbele. Kingo za nje zikilika kwenye matairi yote mawili, magurudumu yamekaribiana mno. Zikilika za ndani, yameachana. Yakionekana mashimo mashimo, angalia shokapu na beringi kabla ya kumrudia fundi wa alaimenti.