R6 ya Sinza ilivyonishinda

Nilikuwa na milioni tisa, akiba ya miaka mitatu, na roho yangu yote ilikuwa kwenye pikipiki ya mbio, Yamaha R6. Jamaa mmoja Sinza alikuwa anauza ya mwaka 2006, ya bluu, inang'aa kama imetoka dukani jana. Nikaenda na fundi wangu wa Kinondoni. Peke yangu ningelipa siku ileile.

Fundi hakuiwasha. Aliweka kiganja kwenye injini, akakitoa haraka.

"Kaka, umetoka nayo sasa hivi?"

Muuzaji akasema ameipasha moto kidogo tu. Fundi akanitazama. Pikipiki inayosumbua kuwaka ikiwa baridi, mwenyewe huiwasha kabla mteja hajafika. Tukaagiza soda, tukasubiri ipoe.

Wakati tunasubiri akanionyesha ubavu wa tairi la nyuma: 2211, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2011. Kashata za tairi bado zilijaa, ila mpira ulikuwa mkavu, una vinyufa vyembamba kama kisigino kisichopakwa mafuta. Kisha akakata usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, akamulika tochi ya simu chini ya shingo. Kile kichuma kinachouzuia usukani usipitilize kilikuwa kimebonyea upande mmoja.

"Hii imeshakula mzinga," akaninong'oneza. Muuzaji akadai ilianguka tu ikiwa imesimama kwenye stendi yake. Ikianguka hivyo hukwaruza ncha ya klachi na ya usukani. Kichuma cha shingoni hakibonyei hivyo. Makava yote yalikuwa na rangi mpya, na sasa nilijua kwa nini.

Namba ya chesisi ililingana na kadi. Kadi yenyewe ilikuwa na jina la mtu wa tatu, ambaye muuzaji alisema "yuko mkoani". Mambo yetu ya kawaida hayo, lakini kuhamisha umiliki TRA bila mwenye jina ni safari ndefu.

Mpaka hapo bado nilikuwa naitaka, sitaki kudanganya. Ile sauti ilipowaka, nilisahau kila kitu. Kilichonigeuza ni kuijaribu mwenyewe Shekilango, saa kumi na moja jioni. Foleni imeganda, feni inapuliza joto mapajani, viganja vinauma kwa kuinamia usukani. Gia ya kwanza ya R6 peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa, na mimi nimebanwa kati ya daladala na bajaji kwenye barabara ya mwisho 50. Kila siku natoka Mbezi kwenda Kariakoo. Gia nyingine tano ningezitumia wapi?

Wiki mbili baadaye nilipata Honda CBR250R, silinda moja, injini ikiwa baridi kabisa tulipofika. Milioni tano na laki mbili. Laki tano nilizishikilia mpaka kadi ilipotoka kwa jina langu. Mwenye nayo alinuna, lakini akakubali. Chenji ikaingia kwenye kofia ngumu ya maana, jaketi na glavu.

Mtoto wa jirani aliizunguka mara mbili, akauliza kama ni ile inayokimbia kwenye simu. Nikamwambia ni mdogo wake.

Ile ya bluu bado iko Sinza, bei imeshuka. Fundi amenikataza kupita njia ile.