Chakula kinakuja saa ngapi?

Binti wa mama mdogo alirudi Mwanza Desemba 2018 baada ya miaka mingi huko Florida, na hata begi hajamaliza kulifungua akatutangazia kwamba mkesha wa mwaka mpya hatukai sebuleni kutazama televisheni. Tutafanya sherehe ya vitamu, tutazame fataki. Nyumbani tulishaanza kumwita Mmarekani, jina alilojifanya halipendi.

Huko alikuwa akifanya kazi hotelini Orlando, jirani na Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney iliyofunguliwa mwaka 1971. Alitueleza mambo ya kule tukiwa tumekaa jikoni tunachambua dagaa. Mtu analipa kiingilio getini. Akitaka makubwa, analipa tena hela nyingine, mbali kabisa na kile kiingilio, ili usiku atengewe meza barazani, ale keki na aiskrimu mpaka achoke mwenyewe, huku fataki zinapasuka juu ya kasri la Cinderella. Kasri lenyewe lina urefu wa karibu mita 58. Wangelipandisha mpaka mita 61 wangelazimika kuliwekea taa za kuonya ndege, na kasri la hadithi lenye taa nyekundu kichwani lingependeza wapi? Halafu kuna mtu mwenye mabawa anayeteremka kwa waya kutoka kileleni, anapita juu ya vichwa vya watu.

"Na akidondoka?" mama mkubwa aliuliza.

"Hadondoki, mama mkubwa. Amefungwa vizuri."

"Haya. Na hao wanaokula keki, wanakuwa wameshakula chakula?"

Mmarekani alicheka, akaendelea na habari ya waya. Nadhani angelijibu swali lile siku ileile, mengi yangekwenda tofauti.

Si wote walioipenda habari ya sherehe. Mwaka ule ulikuwa umetuumiza. Tarehe 20 Septemba kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kikapinduka kikiwa kinakaribia kufika Bwisya, kisiwani Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Mama mkubwa ameolewa Ukerewe, na katika ukoo wa mumewe walizika. Tangu siku zile alikuwa akija mjini anakaa upande wa basi usiotazama maji. Aliposikia sherehe yenyewe itakuwa Capri Point, bustanini, ziwa likiwa hapo chini ya ukuta, alisema neno moja tu: "Baruti, juu ya ziwa hilohilo?" Wote tukatazama dagaa zetu.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Sherehe ifanyike, kwa sababu watoto nao wameshinda miezi mitatu kwenye nyumba za matanga na wamechoka. Ila muziki usipigwe kabla ya sala, na katika sala waliokufa maji watajwe. Anayetaka kukaa upande wa nyumba asivutwe mkono kuletwa ziwani. Bibi akishasema hivyo kwetu hakuna kikao kingine.

Basi maandalizi. Mmarekani alitaka stroberi zilizochovywa kwenye chokoleti. Tulizunguka soko kuu tukarudi na nanasi za Geita na maembe, maana Desemba embe hata hulitafuti, linakutafuta lenyewe. Akachovya vipande vya nanasi. Chokoleti haikushika, nanasi lina maji mengi. Akavifuta kimoja kimoja kwa taulo la jikoni, akachovya upya, akavipanga kwenye sinia. Kufika saa kumi jioni, kwa joto lile, chokoleti yote ilikuwa imeshuka chini ya sinia na nanasi zimebaki uchi. Sisi wengine tulipewa kazi tunazozijua: kaimati, visheti, kashata za karanga na za nazi, keki ndogondogo za vikombe. Halua ilinunuliwa. Bibi, alipoambiwa kila mmoja alete kitamu, alitoa mfuko wa matobolwa aliokuja nao kutoka Kwimba. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikakauka. Ukivitafuna taratibu utamu wake unakuja nyuma, baada ya meno kuchoka. Mmarekani alivitazama kidogo, kisha akaviweka kwenye sahani ya kioo katikati ya meza. Hapo nilimheshimu.

Kulikuwa na suala la aiskrimu. Friji ya mwenye nyumba ilijaa soda, kwa hiyo mjomba akasema barafu asiulizwe mtu mwingine, yeye ana mtu wake Mwaloni. Mwaloni pale Kirumba, asiyepajua, ndiko soko kubwa la dagaa na samaki, na barafu ipo kwa ajili ya sangara kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Mjomba alikuja na deli kubwa la bluu, limesuguliwa kwa sabuni na ndimu, limejaa barafu safi. Ukiwa mbali husikii harufu yoyote. Ukifunua kifuniko na kuinama, sangara anakusalimia.

Wageni walianza kufika saa tatu usiku. Walikuwa ndugu, majirani, wazee wawili wa kanisa na wake zao, na vijana waliosoma na Mmarekani sekondari. Kila aliyeingia alifanya jambo moja: alisalimia, akatupa jicho mezani, akaona ile rangi yote, akatabasamu, halafu akatafuta kiti kilichoelekea mlango wa jikoni. Nilichelewa kuelewa. Walikuwa wameona vya kuanzia. Sasa walikuwa wanasubiri masufuria.

Sala ilisaliwa, majina ya marehemu yakatajwa, mama mkubwa akiwa amekaa kibarazani upande wa nyumba na khanga begani. Muziki ukawashwa, taratibu. Mmarekani akawakaribisha watu mezani. Walichukua kaimati mbilimbili, kwa adabu, ili kuacha nafasi. Mzee mmoja wa kanisa alishika sahani yenye kashata moja kwa muda mrefu sana. Mwishowe mkewe akanivuta pembeni.

"Mwanangu, chakula kinakuja saa ngapi?"

Nikaenda kumuuliza mwenye sherehe. Akanitazama na mshangao wa kweli kabisa usoni. "Chakula ndiyo hiki."

"Hiki cheupe na cha rangi rangi?"

"Ni sherehe ya vitamu. Nimewaambia tangu mwanzo. Vitamu."

Alikuwa amesema, ni kweli. Lakini kwetu ukimwita mtu mzima usiku, ukamwambia avae vizuri, akapanda daladala na bajaji mpaka Capri Point, ukimwambia vitamu anajua unamaanisha kwamba mbali na pilau kutakuwa na vitamu. Hakuna aliyekula nyumbani kabla ya kuja. Kula nyumbani kabla ya sherehe ya watu ni kama kumtukana mwenyeji.

Habari ilisambaa bustanini kwa minong'ono. Hakuna aliyelalamika, watu wa kwetu hawalalamiki kwenye sherehe, husubiri njiani wakirudi. Baba mdogo alisimama, akagusa mifuko yake, akasema anakwenda kuangalia bajaji yake kama ipo salama. Hatukumwona tena kwa muda.

Saa nne na nusu wakaja wadudu wa ziwani. Mchana ukiwaona wamesimama juu ya maji utadhani kuna moshi kisiwani. Usiku hufuata taa. Hawaumi, lakini wanaingia puani, wanaingia kwenye chai, wanaingia kwenye maneno yako ukiongea. Watoto wao hukulia kwenye tope chini ya ziwa, na hutoka kwa makundi zaidi siku za mwezi kuandama. Usiku ule mwezi ulikuwa unaishia na saa ile haujachomoza, giza tupu, na katika Capri Point nzima bustani iliyokuwa na taa nyingi kuliko zote ilikuwa yetu. Mmarekani alikuwa ametundika taa ndogondogo juu ya meza, mistari na mistari, kama alivyozoea kule. Ndani ya dakika chache ile keki kubwa nyeupe ilikuwa imenyunyiziwa ufuta, na ufuta wenyewe unatembea.

"Zima taa!" mjomba alipiga kelele. "Zima zote!"

Tukazima. Tukafunika meza kwa khanga za akina mama. Tukakaa gizani na njaa zetu, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza tukaliona ziwa. Mbele yetu mji, taa za kutoka Kirumba mpaka bandarini, na Jiwe la Bismarck limesimama jeusi kwenye maji. Mjomba, aliyefundisha fizikia miaka yote ya utu uzima wake, hawezi kuona watu wamekaa kimya gizani asiwafundishe. Akaanza na rangi za fataki. Nyekundu inatoka kwenye strontiamu. Kijani, bariamu. Njano ni sodiamu, ndugu yake na hiyo iliyomo kwenye chumvi yako ya ugali.

"Mjomba, usitaje ugali," mtu alisema kutoka gizani.

"Na bluu ni shaba. Bluu ndiyo inayowatesa mafundi. Moto ukizidi kidogo tu, rangi imepotea. Kwa hiyo leo mkiona bluu iliyoiva, mjue fundi aliyeifanya anajua kazi."

Mmarekani alitaka saa sita ifike na wimbo wake maalumu, kwa sababu kule kila fataki hupasuka kwenye mdundo wake, kompyuta ndiyo inayoamua. Alisimama na simu mkononi akihesabu. Mwanza haikumsubiri. Dakika mbili kabla, mtu fulani upande wa Kirumba, mwenye saa iliyotangulia, alirusha yake. Mwanga ulitufikia papo hapo, mwekundu, ukafunguka juu ya mapaa bila sauti yoyote. Mjomba akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika saba mlio ukatua.

"Sekunde tatu ni kilomita moja," akasema kwa furaha. "Huyo yuko kilomita mbili na kitu."

Kisha zikaja zote. Hotelini, majumbani, nyuma ya mlima, nyingine karibu mpaka harufu ya baruti ikafika bustanini. Hakukuwa na mpangilio wowote. Honi za magari, kengele, watu wanapiga madebe na masufuria, mbwa wa Capri Point wote kwa pamoja. Kila mlio ulipiga kwenye yale mawe makubwa ya mlimani ukarudi mara ya pili, kwa hiyo kila aliyenunua fataki moja alipata milio miwili. Wimbo wa simu ulikuwa unapigwa kweli, nilimwona Mmarekani ameinua simu juu, lakini hata yeye hakuwa anausikia. Alikuwa anapiga vigelegele.

Bluu ilitokea mara moja. Mjomba akavua kofia.

Nilipogeuka nikamwona mama mkubwa kwenye ukuta wa chini, ameshikana mkono na bibi. Hakuna aliyemwita. Hakuwa anatazama juu kama sisi. Alikuwa anatazama majini, kule rangi zilikokuwa zinaanguka na kuvunjika kuzunguka Jiwe la Bismarck. Alikaa hivyo mpaka fataki zikapungua. Kisha akamwuliza bibi kama kuna chai ya moto, wakaenda zao jikoni wakiwa wanazungumza Kisukuma.

Saa sita na nusu geti likafunguka, bajaji ikaingia kinyumenyume. Baba mdogo akashuka na sato. Walikuwa wa kuchoma, wakubwa, wamefungwa kwenye foili, na hotipoti mbili za ugali alizoazima sijui kwa nani, na mfuko wa kachumbari. Alikuwa ameamsha mama mmoja muuzaji mwenye usingizi, au labda hakulala, mkesha ule nani alilala. Sijawahi kuona wazee wa kanisa wakisimama kwa kasi ile. Maji ya kunawa yalizungushwa gizani, kwa mwanga wa simu, maana taa hatukuthubutu. Hakuna aliyeongea mpaka mifupa ilipoanza kuonekana. Mmarekani mwenyewe alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake la sherehe, akamega tonge, akauliza pilipili iko wapi.

Na hapo sasa, baada ya samaki, khanga zikafunuliwa. Ile keki tuliikwangua juu, chini ilikuwa nzima. Mke wa mzee wa kanisa, yuleyule, alichukua vipande viwili. Kaimati ziliisha, visheti viliisha, nanasi uchi ziliisha, watoto waligombania matobolwa mpaka bibi akalazimika kugawa kwa mkono. Meza iliyokaa zaidi ya saa tatu karibu bila kuguswa ilisafishwa mara moja. Mmarekani alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Kumbe mlikuwa mnazipenda?"

"Nani alisema hatuzipendi?" bibi alimjibu. "Ulizileta mapema."

Mjomba akatukumbusha kwamba lile deli linatakiwa Mwaloni kabla ya alfajiri, samaki wa watu hawajui sikukuu. Kwa hiyo aiskrimu tukaila harakaharaka, tumesimama, tumelizunguka deli, kila mtu na kijiko chake. Ilikuwa na harufu ya sangara kwa mbali. Mama mkubwa aliomba aongezewe.