Miaka sabini, na kayaki ya watu wawili

Kadi nyingi nilizopewa siku ya mahafali zilikuwa na andiko lilelile: Yeremia 29:11, lile la mawazo ya amani na tumaini. Nililipenda mpaka nilipoanza kutuma maombi ya kazi na kunyamaziwa. Baada ya hapo, kila aliyenitajia andiko hilo nilimwitikia "Amina" ya haraka ili tuzungumze mengine.

Kwa hiyo nilipoalikwa kwenye safari ya wahitimu Wakristo ya kayaki, ile mitumbwi myembamba ya kupigwa kafi, nyikani kusikoshika mtandao, nilijua tu kwamba litasomwa. Likasomwa kweli, usiku wa kwanza, tumeuzunguka moto. Ila mchungaji hakuanzia aya ya 11. Alianza mwanzo wa sura. Kumbe ni barua, na wanaoandikiwa ni watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Wanaonywa wasiwasikilize manabii wanaowatabiria uongo. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wauombee amani mji uleule waliohamishiwa. Kisha ikaja aya ya 10: miaka 70. Mmoja wetu akapiga hesabu kwa sauti atakuwa na umri gani. Tukacheka, halafu kicheko kikatukauka.

Mimi nasema kadi za mahafali ziandikwe aya ya 5, ile ya kujenga nyumba na kupanda bustani.

Asubuhi yake, kabla ya kufundishwa kupiga kafi, tulifundishwa kupinduka. Unavaa sketi ya mpira inayoziba tundu unalokalia maji yasiingie, nayo ina kitanzi kwa mbele. Ukipinduka, unainama mbele, unavuta kitanzi, unajisukuma nje kwa mikono, na huiachii kayaki. Hapo ndipo mwenzio anapokuja: anaikamata omo, yaani ncha ya mbele, ya chombo chako, anaiinua maji yamwagike, anakigeuza na kukishikilia sambamba na chake mpaka upande kwa tumbo kutoka nyuma. Ziko mbinu za kujiokoa peke yako, lakini ni ngumu, tena mawimbi yakiwapo ni ngumu maradufu. Tulivaa kwa kuyahofia maji, si kwa kuliangalia jua, kwa sababu maji ya baridi humaliza nguvu za mikono upesi.

Mchana upepo ulitujia wa ubavuni, na kayaki zikawa zinageukia unakotoka upepo hata tukilazimisha. Sababu yake ni kwamba chombo kikienda mbele, maji huibana omo, ila sehemu ya nyuma hubaki huru na kusukumwa. Ukishusha kibao kilichoko chini nyuma, chombo kinatulia. Mchungaji alitaka kulifanyia mahubiri jambo hilo. Mimi maelezo ya upepo yalinitosha.

Nilipangwa kayaki ya watu wawili na dada mmoja muuguzi. Wa mbele huweka mwendo. Wa nyuma humfuatisha na kuuongoza usukani kwa miguu. Nilikaa mbele, kwa hiyo hatukuonana nyuso, na nadhani ndiyo sababu tuliongea ukweli. Nilikuwa nikimwonea wivu kwa sababu kazi ilikuwa inamngoja. "Dada," akasema nyuma yangu, "ile kazi naiogopa. Nyumbani wote wanausubiria ule mshahara, na mimi usiku silali." Sikuwa na andiko la kumpa. Tuliendelea kupiga kafi.

Kulikuwa pia na muda wa kila mtu kukaa peke yake ufukweni na Biblia na daftari, umbali wa kusikia filimbi. Mimi nililala usingizi. Kiongozi aliponikuta hakunikaripia. Alinikumbusha 1 Wafalme 19, kwamba Eliya alipokata tamaa, malaika alimgusa mara mbili ale, na katikati alilala, kabla hajaulizwa swali lolote.

Ninalowalaumu waandaaji ni hili: suala la mikopo ya masomo liliachwa hadi usiku wa mwisho, na lilizuka lenyewe, halikuwa kwenye ratiba. Wengi pale walikuwa wanadaiwa. Lingewekwa usiku wa pili, tungekuwa na muda wa kulizungumza kwa kina badala ya kuliombea harakaharaka na kwenda kufunga mizigo.

Kazi bado sijapata. Ila kanisa la mtaani kwangu, ambalo nilikuwa nakwepa kujiandikisha kwa kuwa nilijiambia mimi ni mpita njia tu, sasa nimejiandikisha. Kwaya imeniweka sauti ya pili, na mazoezi ni Alhamisi.