Bomba la sentimita 24: jinsi nilivyoipa pumzi injini ya baiskeli yangu

Baiskeli yangu ni Black Mamba, ile nzito ya chuma ambayo Pwani nzima imebebea mitungi ya maji na magunia ya makaa. Mwaka juzi niliifungia injini ndogo ya mipigo miwili, ile inayouzwa kwa jina la 80 cc. Ukiipima mwenyewe, silinda ina upana wa milimita 47 na pistoni inatembea milimita 38, kwa hiyo hesabu yake ni cc 66 tu. Kazi yake ni moja. Saa kumi na moja alfajiri napakia kreti mbili za mahamri ya mama, natoka Kisauni, napita Kongowea, navuka Daraja la Nyali, nagawia wateja Buxton, Majengo na Mwembe Tayari. Mahamri yakipoa mteja hayataki, basi kila dakika ina bei yake.

Kilichonisumbua ni mpando. Kreti zikijaa, injini ilikuwa ikinguruma kwa uzito, inapungua, inapungua, mpaka naanza kukanyaga pedeli kuisaidia. Kila niliyemwuliza alinipa jibu lile lile: ifungulie hewa. Kile kichujio kilichokuja nayo, mafundi wetu hukiita eaklina, ni kikopo cha plastiki kisichojaza kiganja, na kina vitundu vidogo upande mmoja. Lita moja ya petroli ikiungua vizuri hula hewa zaidi ya lita elfu tisa. Nilipoifanya hesabu hiyo na kukitazama kile kikopo, niliona kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua.

Nikakitoa chote. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikabaki wazi.

Siku ya kwanza nilidhani nimepata dawa. Sauti ilikuwa kali, na sauti kali humdanganya mpandaji. Nilipopima kwa saa ya simu, kutoka mti fulani chini ya mpando hadi nguzo ya taa juu, kwa kreti zile zile mbili, dakika 1 na sekunde 52 zilikuwa zimeshuka hadi dakika 1 na sekunde 46. Sekunde sita. Na sauti yenyewe haikuwa ya ekzosi, ilikuwa ya kabureta ikivuta pumzi, mngurumo mzito wa koo. Nyumba za mtaani kwetu zimegusana kuta, na saa hiyo watu wanatoka msikitini au bado wamelala. Siku ya nne jirani mmoja, mama mtu mzima, alinisimamisha kwa upole: "Mwanangu, mahamri ya mamako twayapenda, lakini hiyo yako yaamsha hata wagonjwa." Nikamwomba radhi, naye alikuwa na haki.

Lililonitisha zaidi lilikuwa mchanga. Barabara za ndani kwetu ni mchanga mtupu, na Kaskazi ikivuma unauona ukienda na upepo. Nilifungua ekzosi nikamulika tochi kwenye tundu lake, maana pale unaiona pistoni bila kuvua kichwa cha silinda. Kulikuwa na mistari myembamba iliyosimama, mipya. Injini hizi hazina oili inayokaa chini kuosha uchafu. Oili ni ile uliyochanganya kwenye petroli, mimi natia mililita 40 kwa kila lita, na punje ya mchanga ikiingia inasagwa papo hapo kati ya pistoni na ukuta.

Basi nikatengeneza kichujio changu. Nilichukua mkebe wa maziwa ya unga, nikautoboa matundu kuuzunguka, ndani nikaweka kipande cha godoro kilicholowekwa oili kidogo na kukamuliwa. Niliushika kwenye kabureta kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na klipu. Nilijivunia kazi ile. Siku mbili injini ilikwenda vizuri, ya tatu ikaanza kukohoa, moshi mzito, plagi nyeusi kama masizi ya sufuria. Nikafungua mkebe: sponji ilikuwa imelowa petroli chepechepe.

Hapo nilikosea hesabu. Niliona petroli ni nyingi, nikadhani jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, ni kubwa. Binamu yangu aliye Nairobi ana injini kama hii, akaniambia yeye ametoa jeti ya 70 akaweka ya 65 na yake inaimba. Nikaweka 65, nikakausha sponji, nikapakia mahamri. Nilipofika karibu na Buxton injini ikapaza sauti nyembamba, ikawaka joto ambalo nililisikia kwenye paja, kisha ikajikaza. Nikavuta klachi upesi. Plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya petroli pungufu. Mahamri yale niliyasukuma kwa mguu mpaka Mwembe Tayari, na wateja wawili walikuwa wameshakunywa chai yao kavu.

Binamu hakuniambia uongo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu sehemu moja ya sita. Injini ile ile ikivuta pumzi ile ile huko inapata hewa kidogo, kwa hiyo inahitaji petroli kidogo. Sisi tuko usawa wa maji ya chumvi. Hewa yetu imejaa, nayo inadai mafuta yake. Na kwa injini ya mipigo miwili, kupunguza petroli ni kupunguza na oili pia, kwa kuwa vinaingia pamoja. Joto linapanda wakati ule ule mafuta ya kulainisha yanapungua.

Nilimpelekea mzee mmoja, fundi wa Kongowea aliyezeeka na mashine za boti na pikipiki. Nilimwamkia, nikamweleza tangu mwanzo, na hakunikatiza. Kisha akaomba karatasi nyeupe. Akatoa mkebe, akawasha injini, akaishika karatasi nyuma ya mdomo wa kabureta, kama kiganja kimoja mbali, akaniambia nipandishe mafuta polepole. Karatasi ikajaa vidoa vya petroli.

"Waona? Hii haivuti tu. Hii yavuta na yatema."

Nilikuwa nimeendesha chombo kile karibu mwaka mzima bila kulijua jambo hilo. Kwenye injini hizi hakuna vali ya kufunga njia ya kuingilia. Mlango unafunguliwa na kufungwa na ubavu wa pistoni yenyewe. Pistoni ikipanda, mlango unafunguka na mchanganyiko unavutwa chini yake. Ikianza kushuka, mlango bado uko wazi kwa kitambo, na pistoni inausukuma mchanganyiko urudi ulikotoka. Mwendo ukiwa mdogo, kama kwenye mpando, unapata nafasi ya kurudi kwa wingi. Unapita kwenye kabureta mara ya pili kinyumenyume, unaokota petroli nyingine, unatoka nje kama ukungu. Ukungu huo ndio ulioilowesha sponji yangu. Jeti haikuwa na kosa lolote.

"Basi, Mzee, nifanyeje?"

"Usiizibe. Ipe ukumbi wa kungojea."

Ukumbi ulikuwa bomba. Ukungu ukitemwa, ubaki ndani ya bomba, usifike kwenye sponji, na pumzi inayofuata iurudishe ndani. Nilipata vipande vya bomba la plastiki la maji, lile gumu la kijivu, nikakata urefu tofauti: sentimita 8, 16, 24 na 40. Ncha ya nje nilipasha moto nikaipanua kama mdomo wa tarumbeta, kwa sababu hewa huingia kwa shida kwenye ukingo mkali. Jeti ya 70 ikarudi mahali pake.

Nilipima kila urefu mara tatu, asubuhi tatu tofauti, mzigo ule ule. Bomba la 8 halikuzuia ukungu, karatasi bado ililowa. La 16 lilipunguza. La 24 karatasi ilibaki kavu kabisa, na mpando nikaumaliza kwa dakika 1 na sekunde 37. La 40 lilikuwa zuri kwenye mwendo mdogo sana, lakini juu injini ilikataa kuchangamka, kama inavuta kwa mrija mrefu. Urefu wa bomba una mwendo wake unaoupenda: safu ya hewa ndani yake ina uzito na inakwenda kwa mawimbi, na wimbi likirudi wakati mlango uko wazi linasaidia kusukuma. Likirudi wakati mwingine linakuwa kero. Kwa injini yangu, mzigo wangu na mpando wangu, ni 24.

Baada ya hapo plagi ilielekea weupe kidogo, maana petroli iliyokuwa ikiokotwa mara mbili sasa ilikuwa pungufu. Tulishusha kibanio cha sindano ya kabureta ngazi moja, sindano ikapanda na kuachia petroli zaidi. Mzee akatafuta kwenye kopo lake akapata jeti ya 75. Plagi ikaja rangi ya kahawa ya maziwa. Nilihakikisha hilo alfajiri na si mchana, kwa kuwa hewa ya alfajiri ni baridi na imeshiba zaidi. Ukiirekebisha injini saa saba za jua, alfajiri itakosa petroli.

Kabla ya kutulia nilijaribu kugeuza mdomo wa bomba utazame mbele, upepo uingie wenyewe. Rafiki zangu wengi bado wanaamini jambo hili, kwa hiyo naliandika. Kwa kilomita 40 kwa saa, msukumo wa upepo haufiki hata sehemu moja katika elfu ya msukumo wa hewa ya kawaida. Nguvu huongezi. Madhara unapata: msukumo huo mdogo unalingana na kina cha sentimita moja ya petroli, na kibakuli cha kabureta chenyewe kinapumua hewa tulivu pembeni. Mdomoni kunasukumwa, kibakulini hakusukumwi, petroli inasita kupanda. Niliisikia injini ikikonda kila nilipoelekea upepo wa baharini juu ya daraja, na ikirudi sawa nilipokingwa na lori. Isitoshe, mvua ya masika ingeingia moja kwa moja.

Sasa bomba limelala chini ya kiti, mdomo unatazama nyuma, mbali na ekzosi kwa sababu ya ule ukungu. Mkebe wa maziwa uko mwishoni mwake, sponji mpya ya kichujio cha pikipiki iko ndani, kwa kuwa ile ya godoro ilikuwa imeanza kumeguka na vipande vyake vingevutwa ndani. Kila Ijumaa naiosha kwa maji na sabuni, naianika, naitia oili, naikamua mpaka isidondoke. Mngurumo umezikwa ndani ya mkebe. Yule mama jirani juzi alimwuliza mama yangu kama siku hizi nimeacha kupeleka mahamri, maana hanisikii nikitoka.