Siku moja maishani mwangu: skeli, vipuri na dansi Tanga

Saa 11:30 alfajiri. Ngamiani, hapa Tanga, bado kumetulia, kwa hiyo gitaa nalipiga bila ampu. Naanza na skeli ya G meja, yaani ngazi ya noti kutoka G hadi G ya juu yake: kidole cha kati, uzi wa 6 (ule mnene kuliko zote), freti ya 3 (freti ni vile vipande vya chuma shingoni mwa gitaa). Polepole, huku naimba do re mi kwa sauti ya chini. Usipoimba, vidole vitakariri njia na sikio halitajua vimefika wapi.

Saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri nauza vipuri vya baiskeli. Tanga baiskeli ni nyingi, kazi haikosekani.

Saa 10 jioni anafika mwanafunzi wangu. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, kaa." G ya chini anaipiga vizuri, haraka hata. Namwambia aitafute G ya juu yake kwenye uzi wa 5, freti ya 10, kidole kilekile cha kati. Uso unamng'aa: umbo halijabadilika! Ndiyo, kwa sababu kutoka uzi wa 6 hadi wa 3, kila uzi umepishana na mwenzake kwa nusu toni 5 (nusu toni moja ni freti moja). Anaendelea kupanda, anagusa uzi wa 2, sauti inachacha. Hapo ndipo pagumu. Kati ya uzi wa 3 na wa 2 pana nusu toni 4 tu, basi kuanzia uzi wa 2 umbo lisogee freti moja kuelekea kwenye mwili wa gitaa. Simkimbizi. Tunarudia kona hiyohiyo mpaka saa 11 na nusu, na anapoondoka anaivuka bila kutazama mkono.

Wapo wanaosema skeli ni mambo ya darasani, muziki wa dansi hauzihitaji. Siafiki hata kidogo. Mji huu ulitupa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Sikiliza magitaa yao yanavyopishana, kila moja na mahali pake.

Saa 2 usiku, mazoezi ya bendi. Mwimbaji ameamka na koo zito, anaomba tushuke kutoka G hadi F. Mwenzangu wa rithimu anashika kodi zake, zile noti zinazopigwa kwa pamoja, kwenye freti za mwanzo. Nikimfuata huko tutagongana, kwa hiyo napanda: uzi wa 5, freti ya 8, umbo lilelile la mwanafunzi wangu, limeshuka freti mbili. Solo inakaa juu ya rithimu, besi inapata nafasi ya kupumua.

"Hapohapo kaka, usihame," anasema mwimbaji. Tunaupiga tena wimbo tangu mwanzo.