Maswali ya vijana wangu wa Shule ya Jumapili

Leo, katika darasa letu la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), kijana mmoja kaniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, ni kweli kanisa letu lilimnyima mtu mweusi ukuhani hadi 1978?"

Ni kweli. Nimemjibu hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka. Nikaongeza jambo ambalo hata wazee wengi hawalijui: Elijah Abel, Mmarekani mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, mwanzilishi wetu Joseph Smith akiwa hai. Zuio alilitangaza mrithi wake, Brigham Young, mwaka 1852, likadumu miaka 126. Zile sababu walizotoa viongozi wa zamani, eti watu weusi wamebeba laana ya Kaini na kadhalika, kanisa lenyewe limezikana. Binti mmoja akadakia, "Basi si waombe radhi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na sikutunga.

Swali la jiwe ndani ya kofia, lile alilolitazama Joseph Smith akitafsiri Kitabu cha Mormoni, halikuchukua muda, wakacheka tukasonga.

Kitabu cha Ibrahimu, andiko letu ambalo Joseph Smith alisema alilitafsiri kutoka mafunjo ya Misri, ndicho kilichotukalisha. Mafunjo hayo yalinunuliwa Kirtland, Ohio, mwaka 1835. Vipande vilivyosalia vilijitokeza tena mwaka 1967, katika jumba la makumbusho la New York, na wataalamu wa Misri ya kale wakavisoma: ni maandishi ya mazishi, Ibrahimu hatajwi. Kanisa linakiri hilo. Mimi bado naamini, lakini kumwambia mtoto mwenye simu mkononi kwamba huo ni uzushi wa maadui ni kumwonyesha mlango.

Jumapili ijayo wanataka wake wa Joseph Smith, akiwemo yule wa miaka 14. Walimu wenzangu, mliopita hapo mlianzia wapi?