Nilivyozoea kusoma ini lenye mafuta kwa darubini

Mafuta yenyewe hayaonekani kwenye slaidi. Kipande cha ini kikipitishwa kwenye alkoholi na zailini kabla ya kuwekwa kwenye nta, mafuta yote huyeyuka, na yanabaki matundu meupe ndani ya seli. Jicho hukimbilia matundu hayo. Mimi kwa sasa huyaacha kwanza, kwa sababu mgonjwa hasumbuliwi sana na mafuta. Kinachomtishia zaidi ni kovu.

Kazi yangu ni patholojia, yaani kuchunguza tishu za wagonjwa kwa darubini, hapa Kisumu, na maini ya aina hii yanazidi kuja, mengi ya watu wenye kisukari na vitambi. Kitu cha kwanza ninachotazama ni kama nyama inatosha. Biopsi ya sindano, yaani kuchota kijipande cha ini kwa sindano, huchukua takriban sehemu moja kati ya 50,000 za ini zima, kwa hiyo kijipande cha nusu sentimita hakiniambii kitu. Niliwafuata madaktari wa wodi nikawaomba watumie sindano nene ya geji 16 na walete angalau sentimita 1.5, mbili ikiwezekana. Wengi walikubali nilipowaonyesha kwenye darubini wenyewe.

Formalini, dawa ya kuhifadhia kijipande kisioze, nayo ilitupa kazi. Isiyo na bafa, yaani kemikali ya kuzuia asidi, huwa na asidi, na ikikutana na damu hutoa chembe nyeusi-kahawia. Huku kwetu ziwani chembe hizo ni balaa, maana zinafanana na zile za malaria. Za malaria hukaa ndani ya seli za kinga za ini. Za formalini hutapakaa ovyo, hata juu ya tishu. Siku hizi fundi wetu wa maabara ananijia na chupa kabla hajaifungua: "Daktari, hii wodini wameweka formalini yao wenyewe, haina bafa." Naandika pembeni ya fomu ili nisije nikamsingizia mtu malaria.

Kwenye kuupa ugonjwa alama nafuata utaratibu wa mtaalamu wa patholojia Kleiner na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005. Mafuta hupewa 0 hadi 3: chini ya asilimia 5 ya seli ni sifuri, zaidi ya asilimia 66 ni tatu. Mchochota ndani ya ini, 0 hadi 3. Seli zilizovimba, 0 hadi 2. Jumla haizidi 8. Kovu hupimwa peke yake, 0 hadi 4, wala halijumlishwi na hayo mengine.

Seli zilizovimba ndizo ngumu kuliko zote, na hata wataalamu wakubwa hutofautiana juu yake. Seli yenyewe hupoteza pembe zake, ikawa ya duara, na ndani yake ikapauka na kubaki na nyuzinyuzi. Mimi huitafuta karibu na mshipa wa kati, kisha nailinganisha na seli nzima iliyo jirani, katika slaidi ileile. Nisiporidhika, naandika kwamba sijaridhika.

Baada ya hapo naomba rangi ya trikromu, inayoligeuza kovu kuwa la buluu. Kwa mtu mzima mwenye ini la mafuta, kovu huanzia kwenye mshipa wa kati na kupenya katikati ya seli moja moja kama waya wa kuku. Nilipata slaidi ya mvuvi mmoja: mafuta yapo, kisukari anacho, lakini buluu imejaa kwenye njia za mishipa ya mlango wa ini, inayoingiza damu, na karibu na mshipa wa kati karibu hamna kitu. Nikamwambia fundi, "Ndugu yangu, hebu nikatie tena, ingia ndani zaidi." Kwenye vipande vipya tukakuta ganda la yai la kichocho, seli za kinga zimelizingira. Ripoti ikatoka na magonjwa mawili, na mgonjwa akapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Ningesoma mafuta peke yake, kovu lile lote lingewekwa kwa kisukari.

Pombe ni jambo jingine. Darubini pekee mara nyingi haiwezi kutenganisha ini la mnywaji na ini la mwenye uzito mkubwa. Fomu ikija tupu napiga simu wodini: mgonjwa anakunywa, na kiasi gani? Chang'aa au bia? Anatumia dawa gani, zikiwemo za HIV? Amepimwa homa ya ini aina ya B na C?

Ripoti zangu sasa huanza na hatua ya kovu, mstari wa kwanza kabisa, kwa kuwa ndiyo inayotabiri vizuri zaidi mgonjwa ataishia wapi. Na si kila mtu anahitaji sindano, kwa sababu inaweza kumtoa damu. Daktari wa kliniki akiniuliza, namwambia aanze na FIB-4, hesabu ya kukadiria kovu kwa kutumia umri, vimeng'enya vya ini AST na ALT, na chembe sahani za damu. Kwa mtu wa makamo, ikiwa chini ya 1.3, kovu kubwa halitarajiwi. Amsaidie kwanza kupunguza uzito na kudhibiti sukari, kisha ampime tena.